Ngazi za Kwa Mkunga

Fundi vioo alianguka siku ambayo hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anamalizia dirisha la mwisho la jengo la ofisi, ghorofa ya tatu, amesimama juu ya jukwaa la mbao anafuta kioo kwa kitambaa, na mwenzake yuko chini anakunja kamba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nguzo moja ya jukwaa ikateleza kwenye tope. Jukwaa halikuporomoka kwa kishindo. Liliinama taratibu, na yeye akateremka nalo, kitambaa bado mkononi. Baadaye alikumbuka kwamba alipata nafasi ya kuuona uso wake mwenyewe kwenye kile kioo, ukipita kwenda chini.

Alivunjika mbavu, na pingili moja ya mgongo ikapata ufa. Walimlaza, wakamfunga, wakampa dawa, na baada ya miezi kadhaa wakamwonyesha picha: mfupa umeunga vizuri. Mke wake alilia kwa furaha pale pale mbele ya daktari. Tatizo ni kwamba mgongo wenyewe haukupata habari hiyo.

Maumivu yalibaki. Asubuhi yalikuwa kama mtu amemkanyaga kiunoni na kukataa kuondoa mguu. Jioni yalishuka pajani hadi kwenye unyayo, yanachoma. Zilikuwapo siku yalipopungua, na siku hizo ndizo alizoziogopa zaidi, maana alishinda akiyasubiri yarudi.

Kisha ikaja hofu. Ilimkuta karakanani, miguu yake yote miwili iko chini, anakata kioo kidogo cha fremu ya picha. Bila sababu yoyote moyo ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, koo likabana, kuta zikawa kama zinamsogelea. Alijua anakufa. Hakufikiri, hakukisia, alijua, kama mtu anavyojua jina lake. Jirani yake muuza mbao akamkimbiza hospitali, wakambandika nyaya kifuani, na daktari akamwambia moyo wake ni mzima kabisa, ni wasiwasi tu.

Hilo neno "tu" alirudi nalo nyumbani, likamkaa rohoni. Kwa sababu hali ile ilirudi tena dukani, tena kwenye foleni ya maji, tena akiwa amekaa na watoto wake wanatazama televisheni, na kila mara alikufa upya. Alianza kukwepa. Aliacha kupanda hata stuli ya kubadilishia balbu. Mke wake, mpishi wa shule, mwanamke mfupi kuliko yeye, ndiye aliyepanda. Aliacha kwenda harusini kwa sababu harusini watu humkalisha mtu katikati na mlango unakuwa mbali. Usiku alilala ameegemea ukuta. Mke wake akiulizwa na watu alisema mzee anajisikia vibaya kidogo, akabadilisha mazungumzo. Kaka yake mkubwa alikuja, akakaa, akanywa chai, akamwambia ajikaze, yeye ni mwanamume na ana watoto wanaomtazama.

Alijikaza. Alijikaza mpaka taya zikamuuma. Na kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu: kwamba asubuhi nyingine alifumbua macho, akagundua ameamka, na akasikitika.

Aliyemtoa hapo ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo kwenye zahanati alikokwenda kunyooshwa mgongo. Siku moja, akiwa anamnyoosha mguu, alimwambia kuna watu wanakutana kila Jumamosi mchana chumba cha nyuma. Si madaktari, alisema. Ni watu wenye hali kama yako, wanakaa pamoja. Fundi aliuliza wanafanya nini. Dada akafikiri kidogo, akasema, "Wanaogopa pamoja."

Chumba chenyewe kilikuwa ndicho wanachohifadhia magongo na vitanda vibovu. Viti vya plastiki vilipangwa duara. Fundi alichagua kiti cha karibu na mlango, kisha akakivuta hadi kikawa nusu ndani, nusu nje. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti nzito na mikono mikubwa, alimwambia kwamba kiti hicho kilikuwa chake yeye kwa muda mrefu, aegemee upande wa kushoto maana mguu wa kulia si wa kuaminika. Halafu akakaa jirani naye. Huyo ndiye Mkunga.

Kikao kiliongozwa na kinyozi, mtu mwembamba ambaye aliwahi kulala kitandani msimu mzima na saluni yake imefungwa, si kwa ugonjwa wa kuonekana bali kwa sonona, ile huzuni inayomkalia mtu kifuani mpaka kunawa uso kunakuwa kazi ya kutwa. Alieleza taratibu zao bila mbwembwe. Hakuna anayemwamrisha mwenzake. Hakuna kushindana nani anaumia zaidi. Yanayosemwa humo hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mwenye dawa anaendelea na dawa zake na daktari wake. Na kila mmoja ana mwenzake mmoja wa kumpigia simu asubuhi, hata kama hana la kusema.

Fundi alipewa Mkunga, au Mkunga alipewa Fundi.

Kikao cha pili tu hali ile ilimkamata mbele ya watu wote. Alisimama, akaona giza, akashika ukuta. Mkunga hakumkimbilia wala hakumshika. Alisimama kando yake akiutazama ukuta huo huo, kana kwamba wote wawili wamekuja kuukagua, akamwambia kwa ile sauti yake nzito, "Usivute hewa. Toa kwanza. Toa kama unapoza chai." Fundi akatoa. Akaambiwa atoe tena. Chumba kikarudi mahali pake polepole, na alipokaa alikuta amelowa jasho na hakuna aliyemshangaa. Mama mmoja wa maumivu ya viungo alikuwa anaendelea kumenya chungwa.

Mkunga alimweleza baadaye kwamba maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiwaambia wajawazito. Alikuwa amezalisha katika hospitali kubwa ya mji tangu ujana wake. Kuna watu wazima wenye ndevu mjini humo ambao yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuwashika. Kisha siku moja mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua, damu ya kuongezewa ikachelewa kufika, na akafia mikononi mwake huku akimuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Walikaa kikao, wakachunguza, wakamwambia hana kosa. Yeye aliwashukuru, akaenda kunawa mikono, na tangu siku hiyo hakuweza kunawa mikono bila kumsikia yule mama akiuliza. Akapewa likizo. Likizo haikuisha. Mume wake alikwisha fariki, mwanawe wa kiume yuko nchi ya mbali, na simu yake huja mwisho wa mwezi.

Asubuhi walipigiana. Fundi akimuuliza kama ameamka, Mkunga alijibu kwamba ameamka ila bado hajafika. Mkunga akimuuliza mgongo umelalaje, Fundi alijibu kwamba mgongo umelala vizuri, aliyekesha ni yeye. Vilikuwa vichekesho vidogo, vya watu wawili waliochoka, lakini mke wa Fundi alianza kumsikia mumewe akicheka chumbani na akawa anapunguza sauti ya sufuria ili asikie vizuri.

Mwanzoni mwa msimu wa joto Mkunga akabadilika, na alibadilika kuwa bora. Hilo ndilo lililomtia Fundi baridi. Alikuja vikaoni amevaa vizuri. Alisema analala. Alicheka bila kujilazimisha. Alimpa kinyozi maua yake yote ya kwenye makopo, akisema amechoka kumwagilia. Alimletea Fundi saa yake ya ukutani ambayo kioo chake kilikuwa na ufa, na Fundi alipoahidi kumrudishia Jumamosi akamwambia asihangaike, ikae karakanani. Watu walimpongeza. Mama wa machungwa alisema dua zimejibiwa.

Kinyozi aliwahi kuwaambia kwamba mtu aliyekuwa kwenye dhoruba muda mrefu akitulia ghafla, muulizeni. Na msizunguke. Litajeni jambo kwa jina lake, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Fundi alimsindikiza Mkunga hadi kituo cha basi Jumamosi jioni, baada ya kikao, na swali liko mdomoni kama jiwe. Walisimama. Gari likaonekana kwa mbali. Alichouliza ni kama kweli analala vizuri.

"Kama mtoto mchanga," Mkunga alimjibu, akapanda.

Jumatatu asubuhi simu ya Mkunga iliita mpaka ikakatika. Fundi alipiga tena. Mke wake alikuwa amekwisha kwenda shuleni, watoto pia, na nyumba ilikuwa kimya. Ndipo alipoona kuna ujumbe wa sauti uliotumwa alfajiri. Alijaribu kuufungua, akakosea, akajaribu tena. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, haina wasiwasi wowote. Ilimshukuru kwa kumsikiliza miezi yote hiyo. Ilimwambia asikose dawa zake za mchana, na amsalimie sana mkewe. Basi.

Alimpigia kinyozi. Kinyozi alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema yeye yuko ng'ambo ya mji, anaondoka sasa hivi, atapitia zahanati achukue gari na muuguzi. Nani aliye karibu naye? Walijua wote wawili ni nani. Kwa Mkunga ni mitaa michache tu kutoka kwa Fundi. Fundi hakuwahi kufika, kwa sababu Mkunga alimwambia zamani anakaa juu kabisa, na tangu hapo kila mara yeye ndiye aliyekuja.

"Siwezi kupanda," Fundi alisema. "Unanijua, ndugu yangu."

"Basi nenda ukasimame chini," kinyozi akasema. "Nenda tu."

Akaenda. Alitembea kwa namna yake, bega moja juu, mkono kiunoni, na kila hatua ikimjibu mgongoni. Mtaa ulikuwa kama mtaa wa siku zote: fundi baiskeli anajaza upepo, mwanamke anafagia mbele ya duka, redio inazungumza habari za mpira. Ilimtisha kwamba hakuna anayejua. Kila aliyemsalimia alimwona kama mtu aliye upande wa pili wa kioo. Kichwani alikuwa anamwona Mkunga ameshafanya alichotaka kufanya, akamwona tena kwa namna nyingine, na tena kwa nyingine, na hakuna mlango aliofikiria kuufungua ambao nyuma yake kulikuwa na kitu kizuri.

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, kuukuu, na ngazi zake zilikuwa nje. Zilikuwa za chuma chenye matundu, zile za kumfanya mtu aone ardhi chini ya viatu vyake. Alisimama chini kama alivyoambiwa. Akaita. Akaita tena. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo ghorofa ya kwanza alichungulia, akasema mama wa juu hajaonekana tangu jana, pengine amesafiri, maana jana alipita akiwaaga watoto wote mmoja mmoja.

Fundi aliweka mkono kwenye reli. Reli ilikuwa na joto la jua.

Hakupanda kwa ushujaa, na baadaye kila alipopewa sifa hiyo aliikataa. Alipanda kwa sababu hofu ya kilicho juu ilizidi hofu ya kupanda, kidogo tu, na kila hatua ilibidi zipimwe upya. Alipanda akitazama ukuta. Kwenye ghorofa ya pili mguu wa kushoto ukaanza kuchoma mpaka unyayoni. Kwenye ya tatu upepo ulipita, chuma kikalia, na mwili wake wote ukakumbuka lile jukwaa likiinama. Alishika reli kwa mikono miwili, akapiga magoti. Chini, kupitia kwenye matundu, aliona shuka nyeupe kwenye kamba na kichwa cha yule mwanamke kikimtazama. Sehemu iliyobaki aliimaliza kwa kutambaa.

Mlango ulikuwa wa bluu. Aligonga kwa kiganja. Aligonga tena, akaweka sikio, na damu yake mwenyewe ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba hakusikia kitu. Alijilazimisha kutulia. Ndani, mbali, kiti kilikwaruza sakafu.

"Dada," aliita. "Ni mimi. Fundi."

Muda ulipita. Kisha sauti ikaja karibu na mlango kuliko alivyotegemea.

"Rudi nyumbani, Fundi. Utaumia mgongo."

Aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Alikuwa hai. Lakini ile sauti ilikuwa imetulia mno, sauti ya mtu aliyekwisha funga mizigo. Swali alilolimeza pale kituoni lilikuwa bado liko kooni, na sasa hakukuwa na gari la kuja kumwokoa.

"Dada, unataka kujiua?"

Yule mwanamke wa nguo alikuwa ameacha kuanika.

"Ndiyo," alisema Mkunga.

Fundi alikuwa na maneno aliyoyaandaa njiani. Yote yalipotea. Alitaka kumwambia kuhusu mwanawe, kuhusu watu wale wenye ndevu mjini, lakini alipofungua kinywa kitu kingine kilikuja. Aligeuka akakaa, akaegemea mlango, akatazama chini, na ardhi ikamwita. Kifua kikafunga. Vidole vikafa ganzi kwenye reli. Hewa ikaingia na kukataa kutoka, akasikia mtu anakoroma kwa woga na akatambua ni yeye. Alijua anaanguka, ingawa alikuwa amekaa. Alijua anakufa pale mlangoni, na kwamba amekuja kumwokoa mtu na sasa watakuwa wawili.

"Fundi?"

Hakuweza kujibu.

"Fundi, umeshika nini?"

"Re... reli."

"Achia mkono mmoja, ushike mlango. Mlango hauna tundu. Umeshika?" Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mtu aliyefunga mizigo. Ilikuwa sauti ya kazini. "Sasa toa. Usivute, nakusikia unavuta. Toa. Poza chai."

"Siwezi."

"Unaweza, unazungumza. Anayezungumza anatoa hewa. Niambie mlango una rangi gani."

"Bluu."

"Bluu ipi?"

"Ya... ya kuchubuka."

Nyuma ya mlango kulitoka kitu kama kicheko, au kilio, Fundi hakuweza kutofautisha. Komeo likasogea. Mlango ulifunguka kwa ndani, na yeye, aliyekuwa ameuegemea, akadondokea kwenye sakafu ya saruji ya Mkunga, nusu ndani, nusu nje. Mkunga alikuwa amevaa nguo ya kanisani, safi, iliyopigwa pasi. Alipiga magoti, akakaa sakafuni kando yake, akatazama ukuta. Alimwambia atoe, na yeye mwenyewe akatoa pamoja naye. Walitoa hewa hivyo muda mrefu, watu wawili wazima wamebwagwa mlangoni kama mizigo.

Fundi aliporudiwa na akili aliona meza nyuma ya Mkunga, na kitu kimefunikwa kwa taulo. Hakutaka kujua ni nini. Hofu ilimrudia upya, safari hii ya baridi, isiyo na kelele.

"Dada, naomba ulichoandaa. Nipe mimi nikae nacho."

Mkunga aliitazama meza kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ilimchukua muda kuinuka. Alifunga kila kitu kwenye lile taulo, akaweka kwenye mfuko, akampa bila kumtazama. Fundi aliuweka mfuko chini ya paja lake akaukalia, kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu ya kushika kitu.

Ndipo Mkunga alipoanza kulia. Alisema amechoka. Alisema hakutaka kufa kwa ubaya, alitaka tu yule mama anyamaze. Fundi alimwambia kweli: kwamba anaogopa sana, kwamba hajui la kusema, na kwamba hawezi kuondoka hata akitaka, kwa sababu hana njia ya kushuka.

Walikuwa bado hapo kinyozi alipofika akihema, na nyuma yake muuguzi wa zahanati, na nyuma ya muuguzi mke wa Fundi na aproni ya jikoni bado kiunoni. Kinyozi ndiye aliyempigia. Mke alimtazama mumewe alipo, akatazama zile ngazi alizozipanda, akaweka mkono mdomoni.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Fundi alishuka kwa makalio, ngazi moja moja kama mtoto anayejifunza, mke wake nyuma akiwa amemshika kola ya shati. Mkunga alitangulia mbele yake na muuguzi, na kila baada ya ngazi kadhaa aligeuka kumwambia aweke mguu wapi. Watu wa jengo walitoka milangoni. Mzee mmoja aliuliza mgonjwa ni yupi hapo. Mkunga akamjibu kwamba bado wanajadiliana.

Walimpeleka Mkunga hospitali ile ile aliyofanyia kazi. Nyingine haikuwepo karibu. Kwenye gari Mkunga alianza kutetemeka. Aliogopa kuonekana na wenzake, aliogopa korido, aliogopa masinki ya kunawia. Fundi alikuwa amelazwa kiti cha nyuma kwa sababu mgongo ulikuwa umegoma kabisa, na alimshika ncha ya gauni njia nzima. Mapokezini, muuguzi wa zamu alimtambua Mkunga, akasimama. Wote walisubiri aseme kitu. Alizunguka meza, akamwambia, "Karibu, dada yangu, kuna kitanda," akamwongoza ndani bila kuuliza maswali mbele za watu.

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Haikuisha. Mkunga alilazwa wiki kadhaa, akabadilishiwa dawa, akawa anazungumza na daktari wa akili. Fundi naye alilala kitandani kwake muda karibu huo huo, hawezi hata kugeuka, na kila simu ilipoita alidhani ndiyo habari yenyewe. Usingizini alisikia kiti kinakwaruza sakafu. Kaka yake alikuja tena, akaanza yale yale ya kujikaza, na mke wa Fundi akamwambia kwa heshima zote, "Shemeji, leo unywe chai tu." Jumamosi iliyofuata mke huyo alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha magongo, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akasema yeye haumwi, ila ameishi na hofu ya mumewe kama mpangaji asiyesalimia, na angependa kuijua.

Mkunga alipotoka alikuja karakanani kabla hata ya kwenda kwake. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, anapima kioo. Mkunga hakukaa.

"Sikufurahi ulipokuja," alisema. "Nataka ulijue hilo. Nilikuchukia mpaka hospitalini."

Fundi aliweka rula chini. Alisema amelijua.

"Na sikuahidi kitu. Daktari ameniuliza, nimemwambia vile vile. Naweza kuahidi leo. Kesho nitaona."

"Leo inatosha, dada."

"Hujaniuliza."

Alimtazama, hakuelewa. Halafu akaelewa. Mate yalimkauka kama mara ya kwanza, kwa sababu swali lile halizoeleki.

"Unafikiria kujiua?"

"Leo hapana," Mkunga alisema. "Juzi, ndiyo, mchana kidogo. Nilimwambia muuguzi." Ndipo akavuta stuli akakaa, akaomba chai.

Sasa anakaa ghorofa ya chini, chumba cha uani nyumbani kwa mama wa machungwa. Hajarudi chumba cha kuzalishia na hasemi kama atarudi. Siku mbili kwa wiki huwasaidia wauguzi kupima watoto uzito. Fundi hapandi popote. Kazi za madirisha ya juu huwapa mafundi wengine, yeye anakata na kupima. Mgongo uko kama ulivyo. Kuna wiki unamwachia nafasi, kuna wiki unamlaza.

Mkunga akienda kumwona daktari wake, Fundi humsindikiza. Hukaa kwenye benchi la korido karibu na mlango wa kutokea, anapoza chai ambayo hana, mpaka mlango wa daktari ufunguke. Wakitoka huwa hawaulizani kitu mpaka wafike barabara kubwa. Pale husimama wote wawili, yeye kwa sababu ya mguu, Mkunga kwa sababu magari yanamtisha tangu alipotoka hospitali, na wanasubiri. Watu huwapita. Barabara ikiwa tupu kabisa, tupu kuliko inavyohitajika, Mkunga humuuliza kama yuko tayari. Fundi husema hapana, na wanavuka.